Ramani ya Lamu hadi Malindi ya 1498 kwa mchezo wa mkakati: anzia majini

SWALI: Assalamu alaykum mwalimu. Niko Malindi, natengeneza modi (toleo lililobadilishwa) ya mchezo wa kompyuta wa Europa Universalis IV, ya pwani yetu, mwaka 1498. Nilichukua ramani ya kaunti nikaikata majimbo 52. Mara nyingi mchezo unajifunga kabla ya kufika kwenye menyu. Nikibahatika kuingia, Pate inawameza wote kabla miaka 10 haijaisha, na Lamu haina hata bandari. Nimekosea wapi, na nikianza upya nianzie wapi?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Mchezo kujifunga ni kosa la faili, na Pate kumeza wenzake ni kosa la historia, ila yote mawili yametoka mlango mmoja: ulianza na nchi kavu. Mipaka ya kaunti za Lamu, Tana River na Kilifi ni mistari ya utawala wa leo. Inakata mapori ambayo mwaka 1498 hakuna mji uliokuwa ukiyatoza kodi wala kuyawekea askari. Nguvu ya miji yetu ilikaa kwenye bandari, visima vya maji matamu, mashamba ya jirani, na urafiki na watu wa bara walioleta pembe za ndovu. Futa mistari yote ya kaunti. Chora milango ya bahari kwanza, kisha mahali pa kutia nanga, kisha miji. Pori liwe la mwisho.

Tarehe uliyochagua ni nzuri, lakini ishike mpaka mwisho. Baharia Mreno Vasco da Gama alitia nanga Malindi katikati ya Aprili 1498, akapokewa vizuri kwa kuwa Malindi na Mombasa hazikuwa zikiiva chungu kimoja. Aprili 24 aliondoka na rubani aliyepewa hapo, akafika Calicut, India, Mei 20. Anzisha mchezo Januari 1, 1498, kaskazi ikiwa bado inavuma, mchezaji apate miezi mitatu ya kujipanga kabla Wareno hawajatokea.

Sasa pitia orodha yako ya majimbo na majengo ukiwa na kalamu nyekundu. Ngome ya Lamu itoke, ilimalizika mnamo 1821. Ngome ya Siyu itoke, ni ya karne ya 19. Usultani wa Witu itoke, nao ni wa karne ya 19. Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa 1593. Waorma hawana jimbo mwaka huo. Walifika upande huu kuanzia mwishoni mwa karne ya 16. Wagiriama hawakukaa kwa wingi kaskazini ya mto Sabaki mpaka karne ya 19. Wasegeju wanaingia kwenye maandishi ya Malindi katika karne ya 16, si kabla. Mfumo wa wazee wa Lamu wenye pande za Zena na Suudi unajulikana vizuri kwa karne za 18 na 19, na Wareno waliofika Lamu mwaka 1506 walielewana na mtawala wake juu ya kulipa ushuru. Kwa hiyo Lamu ya 1498 ipe mtawala, na jamhuri ya wazee iweke kama tukio linaloweza kutokea baadaye.

Miji iliyokufa nayo ina mtego wake. Shanga, upande wa kusini mwa kisiwa cha Pate, ilikaliwa tangu karne ya 8, ikaachwa mwanzoni mwa karne ya 15. Usiipe jimbo, ardhi yake iwe ya Siyu. Takwa kule Manda ndiyo kwanza inachipuka mnamo 1500, na itaachwa karne ya 17. Gedi iko hai na imenawiri, ina msikiti mkubwa, jumba la mtawala na ukuta, na itaachwa mwanzoni mwa karne ya 17. Ugumu wa Gedi ni kwamba Wareno hawakuitaja popote, na wao waliishi Malindi kilomita 16 hivi kutoka pale. Mimi ningeifanya dola ndogo iliyo chini ya Malindi. Ukiiunganisha moja kwa moja na Malindi, unampa mfalme wa Malindi utajiri usio na ushahidi, na ukiiacha huru kabisa, Mombasa itaivamia mwaka wa kwanza.

Tuje kwenye vipimo, maana hapo ndipo Lamu yako ilipopotelea. Ramani ya asili ya mchezo ina upana wa pikseli 5,632 kwa dunia nzima. Gawa mzunguko wa dunia, kilomita 40,000 na ushei, kwa idadi hiyo: kila pikseli ni kilomita 7 hivi. Kutoka Shela mpaka Kipungani ni kama kilomita 11, kwa hiyo kisiwa cha Lamu ni pikseli moja na nusu. Hakuna mji, bandari wala jeshi linaloweza kusimama hapo. Usijaribu kukibandika kwenye ramani ya dunia. Tengeneza ramani ya eneo letu peke yake.

Chukua mraba wa nyuzi 5.5 kwa 5.5: longitudo 39.0 hadi 44.5 mashariki, latitudo 4.2 kusini hadi 1.3 kaskazini. Ndani yake zinaingia Mombasa upande wa chini na Barawa upande wa juu. Uweke kwenye picha ya pikseli 2,048 kwa 2,048, na kila pikseli itakuwa mita 300 kasoro kidogo. Kwa kuwa tuko kando ya ikweta, nyuzi za longitudo na za latitudo zina urefu karibu sawa, hivyo hakuna haja ya kusumbuka na makadirio ya ramani. Ukitoa picha kwa nyuzi za kawaida, umbo litakuwa sahihi. Lamu sasa ina pikseli 37 kwa urefu, na Malindi hadi Lamu, karibu kilomita 140 kwa mstari ulionyooka, ni pikseli 460 na ushei.

Vipimo hivyo vina gharama moja. Mchezo huhesabu siku za safari kwa pikseli, haujui kilomita. Malindi hadi Gedi ni mwendo wa nusu siku kwa miguu, lakini pikseli 53 kwenye injini (programu inayouendesha mchezo) ni wiki kadhaa. Ongeza movement_speed kwa nchi zote kupitia kirekebishi (modifier) cha kudumu, na kwa vyombo ongeza sail_speed kwenye faili za aina za meli. Pima kwa safari tunayoijua. Malindi hadi Calicut ni kama kilomita 4,250, na zilikatwa kwa siku 26, wastani wa kilomita 160 kwa siku. Kwa mwendo huo chombo kinachopanda kutoka Malindi kwenda Lamu na kusi kinafika ndani ya siku moja. Kikichukua mwezi kwenye mchezo wako, rudi kwenye namba.

Kwa mstari wa pwani tumia data ya OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, kupitia QGIS, programu ya kuchora ramani. Kwa mwinuko tumia SRTM, na kwa kina cha bahari GEBCO. Hapa soma polepole. SRTM ilipimwa kwa rada mwaka 2000, na rada ile iliona vilele vya miti, haikuona tope chini yake. Mikoko ya Dondo, ya Mkanda na ya delta ya Tana hutokea kama nchi kavu iliyoinuka mita kadhaa. Ukiingiza data hiyo ilivyo, vijito vinaziba na visiwa vinashikana na bara. Kata mikoko kwa kutumia tabaka lake la OpenStreetMap, halafu ishushe kwa mkono hadi hatua moja juu ya usawa wa bahari.

Ramani ya mwinuko kwenye mchezo huu ina hatua 256 za kijivu, na maji yanaishia karibu na 95. Watu wengi huona ardhi yetu ni bapa wakaamua kuivuta mpaka 255 ili ipate sura. Usifanye hivyo. Injini ina kimo chake maalumu kwa kila hatua, kwa hiyo ukivuta, matuta ya mchanga ya Shela yatasimama kama milima na bonde la Tana litakuwa korongo. Weka tambarare kati ya 97 na 105, matuta na vilima vya bara visipite 120. Chini ya maji, mwamba wa nje uwe 90, na bahari kuu ishuke pole pole hadi 60. Kisha linganisha na picha ya majimbo: pale ambapo jimbo la nchi kavu limelala juu ya pikseli za chini ya 95, majeshi yatatembea ndani ya maji, na kinyume chake mashua zitapanda nchi kavu.

Kuhusu kujifunga: karibu nina hakika ulichora na brashi. Brashi hulainisha kingo, yaani kati ya rangi mbili hutia rangi za katikati, na mchezo huhesabu kila rangi kuwa jimbo. Tumia penseli tu. Zima ulainishaji kwenye zana za kuchagua na za kumwaga rangi. Ukibadilisha ukubwa wa picha, chagua kutotumia ukadiriaji wowote. Hifadhi kama BMP ya biti 24, na weka alama ya kutoandika taarifa za nafasi ya rangi. Halafu kwenye programu ya kuchora ya GIMP, chini ya menyu ya rangi, sehemu ya taarifa, kuna uchambuzi unaohesabu rangi za kipekee. Idadi hiyo ilingane kabisa na majimbo yaliyomo kwenye definition.csv, faili lenye orodha ya majimbo na rangi zake. Ukiwa na majimbo 52 na hesabu ikasema 53, kuna pikseli moja mahali fulani imekaa vibaya. Ikisema elfu kadhaa, ni brashi, chora upya.

Kwenye definition.csv kila jimbo lina mstari wa namna hii:

12;130;60;20;Lamu;x

Yaani namba ya jimbo, kiasi cha nyekundu, kijani na samawati, kisha jina. Namba za majimbo zifuatane bila pengo. Nijuavyo mimi njia isiyochosha ni kuyapa majimbo ya nchi kavu rangi zenye nyekundu zaidi ya 100, na maeneo ya bahari rangi zenye nyekundu chini ya 40. Ukitazama picha tu unaona palipokosewa. Kwenye default.map, max_provinces iwe idadi ya majimbo na moja zaidi. Namba za bahari zote ziingie kwenye sea_starts. Ukisahau moja, unapata nchi kavu ya samawati ambayo jeshi linaipita. Picha ya majimbo, ya mwinuko, ya mito na ya aina za ardhi ziwe na ukubwa uleule. Ukipunguza idadi ya majimbo, pitia pia area.txt, region.txt, continent.txt na positions.txt, kwa sababu namba ya zamani iliyobaki humo inatosha kuangusha kila kitu. Na usiache majimbo manne yakutane kwenye pembe moja. Sogeza pikseli moja ili wawili washikane na wawili waachane, la sivyo hujui nani ni jirani ya nani.

Sasa bahari, ambayo ndiyo kazi yenyewe.

Mlango kati ya mji wa Lamu na Manda ni kama kilomita 1, yaani pikseli 3. Upanue mpaka 8. Ni uongo mdogo unaotetea ukweli mkubwa: mlango huu ndio bandari, na bila nafasi ya kuonekana mchezo hauwezi kuweka chombo humo. Mlango wa Lamu uwe eneo lake la bahari, limefungwa kwa juu, limefunguka kusini karibu na Shela. Injini huipa kila jimbo bandari upande mmoja tu, na Lamu yako ilikosa bandari kwa kuwa mlango ulikuwa mwembamba mno, ukamezwa na rangi ya Manda. Kwenye positions.txt hakikisha bandari ya Lamu inaangalia mlango huo, isiangalie bahari ya nje nyuma ya matuta.

Kivuko cha Lamu na Manda kiandike kwenye adjacencies.csv. Tuseme Lamu ni 12, Manda ni 14, na Mlango wa Lamu ni 41:

12;14;sea;41;-1;-1;-1;-1;Lamu-Manda

Maana yake jeshi linavuka kutoka 12 kwenda 14 maadamu hakuna merikebu za adui ndani ya 41. Namba za -1 zinauambia mchezo utafute wenyewe mahali pa kuchora mstari. Faili hilo lina mstari wa mwisho unaoanza na -1, wa kufungia. Ukiufuta, mchezo unaganda ukipakia. Tazama hapo kabla ya kulaumu kitu kingine.

Mkanda, ule upenyo kati ya Manda na bara, unataka fikra zaidi. Mashua hupita maji yakijaa, na maji yakipwa husubiri. Injini haijui maji kujaa na kupwa. Ukiufanya eneo la kawaida la bahari lililounganishwa pande zote mbili, manowari za Kireno zitapita humo kama barabara kuu, na Pate itapigwa kwa mlango wa uani. Ukiufuta, Manda inakuwa bara. Suluhisho ninaloliamini ni hili: tengeneza jimbo dogo lisilopitika, liite Mikoko ya Mkanda, upana pikseli 5, ulizibe nalo ule mlango upande wa Lamu. Namba yake iandike kwenye orodha ya impassable ndani ya climate.txt. Sehemu iliyobaki ya Mkanda iwe eneo la bahari linalofunguka kwenye Ghuba ya Manda tu. Kisha andika kivuko cha Manda na bara kupitia eneo hilo. Merikebu za Lamu zinazotaka Pate zitalazimika kuzunguka Manda kwa nje, kwenye mawimbi, na hiyo ndiyo adha halisi ya chombo kikubwa.

Pate na Siyu nazo hufikiwa na vyombo kwa kutegemea maji kujaa. Faza ndiyo iliyo wazi zaidi upande wa kaskazini, na Wareno waliijua kwa jina la Ampaza, wakaibomoa mwaka 1587 baada ya mji huo kumuunga mkono Mir Ali Bey, nahodha wa Waturuki. Kwa hiyo Faza ipe bandari nzuri na usalama mdogo. Pate ipe bandari ya wastani na usalama mkubwa. Kwa nje ya visiwa weka maeneo mawili tu ya bahari, moja kutoka Kiwayu hadi Manda na jingine la Ghuba ya Ungwana. Usikate bahari kuu vipande vidogo, kompyuta inapoteza muda na mchezaji hapati kitu.

Jumla ya maeneo ya bahari, kutoka Barawa hadi Mombasa, 14 yanatosha. Majimbo ya nchi kavu 34, na yasiyopitika 4. Kila mji uwe na pikseli zisizopungua 80 ili jina, mji na kikosi vikae bila kubanana. Kaskazini weka Barawa, visiwa vya Wabajuni hadi Chula, Burikao, Kiunga, Kiwayu pamoja na Ndau. Katikati Faza, Siyu, Pate, Manda, Lamu, Dondo, Ungwana, Shaka na Mwana. Ungwana usiisahau: ndiyo mji ambao Wareno waliuita Hoja, na nahodha wao Tristão da Cunha aliipiga mwaka 1506 kabla ya kuielekea Lamu, ambayo ilisalimu amri, na Barawa, ambayo ilipigana ikachomwa. Safari hiyo moja inakupa mlolongo mzuri wa matukio matatu wenye maamuzi matatu tofauti. Kusini weka Ngomeni, Mambrui, Malindi, Gedi, Mida, Kilifi na Mnarani kwa pamoja, Mtwapa na Mombasa. Majimbo yaliyobaki ni ya bara, makubwa, bila mwenyewe, uzalishaji mdogo, bidhaa yake ni pembe. Waboni na Wasanye ni wawindaji. Wape maeneo yao bila kuwapa mfalme wa kubuni.

Tana ina jambo ambalo karibu kila ramani ya mchezo imelikosa. Leo maji mengi ya Tana yanatokea Kipini kupitia mto Ozi, kwa sababu ya mfereji wa Belezoni uliochimbwa karne ya 19 ukaja kupanuliwa na mafuriko. Mwaka 1498 Ozi na Tana zilikuwa na milango yao mbalimbali, Tana ikitokea kusini zaidi kwenye Ghuba ya Ungwana. Chora mito miwili isiyogusana. Kwenye rivers.bmp mto ni pikseli moja kwa upana, na pikseli zishikane ubavu kwa ubavu. Zikigusana kwa pembe, mto unakatika hapo. Chanzo ni pikseli moja ya kijani, kijito kinapoingia ni nyekundu, mto unapogawanyika ni njano. Picha hiyo ni ya rangi zilizoorodheshwa, biti 8, na ukiibadilisha kuwa biti 24 kwa bahati mbaya, mito yote inatoweka bila onyo. Sabaki itokee kati ya Malindi na Mambrui.

Biashara na pepo ni mahali ambapo injini inapigana nasi. Vituo vya biashara kwenye mchezo huu hupeleka mali upande mmoja tu, na mzunguko hauruhusiwi; ukiunganisha Lamu na Uarabuni kwenda na kurudi, mchezo unajifunga. Bahari yetu lakini ilikuwa na msimu wa kuja na msimu wa kwenda. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ilileta vyombo vya Uarabuni na India vikiwa na nguo, shanga na vyombo vya udongo. Kusi, kuanzia Aprili, ilivirudisha na pembe, boriti za mikoko na ambari. Katikati ya mwaka kusi ilipokaza, vyombo vilikaa bandarini. Ninachoshauri ni kituo kimoja cha pwani, kipokee kutoka kituo cha Kilwa, kilichokuwa kikipata dhahabu ya Sofala, na kitoe kwenda Aden na Gujarat. Kilwa, Aden na Gujarat ziwe visiwa vidogo vya bandia ukingoni mwa ramani, pikseli 100 kila kimoja, bila njia ya jeshi kufika. Mali iliyoingia na kaskazi ionyeshe kama kirekebishi cha jimbo kwa bandari zilizopokea vyombo.

Misimu yenyewe iendeshe kwa tukio linalobadilisha kirekebishi cha mwendo wa vyombo mara tatu kwa mwaka: kaskazi, kusi nyepesi, kusi kali. Liwekee masharti ya nchi za pwani tu, maana tukio la kila mwezi kwa kila nchi litaifanya kompyuta ya kawaida ichechemee. Kabla ya kuandika tarehe, jaribu kwanza kama injini inaihesabu Januari kuwa 0 au 1. Ukikosea hapo, kusi yako itaanza mwezi mmoja nje, na safari ya Aprili 24 itakuwa ya kupinga upepo.

Kuhusu Pate kumeza wote. Uliipa ardhi ya bara kwa kufuata mstari wa kaunti, ikapata majirani wengi na askari wengi. Ukubwa wa Pate unaousikia ni wa karne ya 17 na ya 18. Mwaka 1498 ni mji mmoja kati ya mitatu ya kisiwa chake. Namba zangu, kwa mpangilio wa kodi, uzalishaji na askari, ni hizi: Mombasa 5, 6, 3; Malindi 4, 5, 2; Gedi 3, 3, 1; Pate 3, 4, 2; Faza 2, 3, 2; Siyu 2, 2, 1; Lamu 2, 3, 1; Ungwana 2, 2, 1; bara 1, 1, 1. Zisome kwa kulinganisha mji na mji, ndipo zina maana. Kwenye faili za nchi andika historical_rival (mpinzani wa jadi) kati ya Malindi na Mombasa, na pia kati ya Pate na Lamu.

Usiijengee kila dola ngome kamili. Dola ya jimbo moja haiwezi kuilipia, na ikifilisika jirani anaichukua bure. Badala yake tengeneza kirekebishi cha kudumu, ukiite Ukuta wa Mji, kinachoongeza fort_level (ngazi ya ngome) 1, uwape Mombasa, Pate, Faza na Gedi. Endesha mchezo bila kuugusa kwa miaka 30, mara tano. Pate ikiunganisha kisiwa chake mara moja au mbili kati ya hizo tano, umepatia. Ikifika Barawa hata mara moja, punguza askari wake kwa 1 na uangalie tena leja yake ya mwezi.

Majina ya miji yaandike kwenye faili la localisation linaloanza na l_english, kwa sababu mchezo hauna Kiswahili, na ulihifadhi kwa UTF-8 yenye BOM, ile alama fiche ya mwanzo wa faili. Ukiona PROV12 mahali pa Lamu, ni BOM iliyokosekana.

Jaribu kwa hatua. Kwanza majimbo na definition.csv peke yake, uingie kwenye mchezo. Kisha mwinuko, kisha mito, kisha vivuko, kisha nchi, na biashara mwisho, ukihifadhi nakala kila hatua inapofaulu. Mchezo ukijifunga tena, fungua error.log kwenye folda ya logs, chini ya Europa Universalis IV, ndani ya Documents. Anzia mstari wa kwanza wa kosa, maana mingi inayofuata huwa imezaliwa na huo. Nitumie mistari 20 ya mwanzo pamoja na picha ya majimbo yenyewe ya BMP. Usinitumie picha ya skrini, kwa sababu pikseli iliyopotea haionekani humo.